Kichanja Kilichotutangulia

Kichanja cha vyombo nilichokikagua mara tatu asubuhi moja kilikuwa na miguu minne ya mianzi, na mguu mmoja ulikuwa umefungwa kwa kipande cha kitenge chenye picha za samaki. Mara ya kwanza nilikipenda. Kilisimama kwenye jua jipya, sahani za plastiki zimelala juu yake kama ndege wa rangirangi waliochoka kuruka, na mimi, ambaye kazi yangu ilikuwa kutia alama ya ndiyo au hapana kwenye kisanduku, niliandika pembeni: "Kizuri sana, kinachangamsha ua." Mara ya pili nilifikiri kwamba fundi wa kijiji hiki ni mtu mwenye kupenda samaki. Mara ya tatu dereva wetu alinivuta shati.

Lakini kosa lilikuwa langu, na lilianzia Arua, ukumbini, wakati wa chai.

Ofisi ya maji ya kanda ilikuwa inabadili sera. Zamani msaada ulikwenda kwenye kijiji cha mtu anayejuana na mtu. Sasa ungekwenda kwa kanuni. Watu walikaa siku tatu ukumbini kuitunga kanuni hiyo, na mimi niliajiriwa kama karani wa muda kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Awindiri, nyuma ya nyumba ya mama mmoja aliyeanika muhogo mbele ya dirisha langu, na nilifurahi kutoka kwenye harufu ile na kuingia kwenye ukumbi wenye sambusa. Siku ya kwanza msemaji alisimama na kutuambia kwamba maendeleo endelevu yanaanzia nyumbani. Kila nyumba iwe na vitu vitano: choo chenye mfuniko, shimo la taka, kichanja cha kuanikia vyombo, jiko banifu linalokula kuni chache, na kibuyu chirizi, yaani lile dumu dogo linaloning'inizwa kwenye kijiti, ukikanyaga kamba linainama na kukumwagia maji ya kunawa. Kijiji kitakachokuwa na vitu hivyo vyote, alisema, kitachimbiwa kisima cha pampu.

Niliposikia neno pampu nilimwona shangazi yangu.

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, anaishi Dranya, upande wa Koboko. Analima muhogo na ufuta, na maji yake anayachota kwenye kijito kilicho chini kabisa ya mteremko, mahali ambapo wakati wa kiangazi unafukua mchanga kwa bakuli na kungoja, huku ng'ombe wanakungoja wewe. Goti lake la kushoto hulia anapopanda, mlio mdogo, kama mtu anayevunja karanga. Miaka yote niliyomfahamu aliomba jambo moja. Wengine waliomba barabara, umeme, wakwe wenye adabu. Yeye aliomba pampu. Aliwaomba wagombea wa kila chama, akamwomba mchungaji, na siku moja alimwomba mtu aliyekuja kuuza miwani.

Basi wakati wa chai nilitoka nje na kumpigia simu, nikimbahatisha akiwa sokoni Koboko, penye mtandao, jambo ambalo karani hapaswi kulifanya.

"Shangazi, kijiji chenye vitu vitano ndicho kitapata pampu."

Nikasikia kuku.

"Taja hiyo vitu pole pole," alisema. "Mimi nahesabu na vidole."

Nikavitaja. Alivirudia mpaka kidole gumba, akaniambia Mungu anibariki, akakata simu kabla sijamaliza kusema amina.

Siku ya tatu mambo yaligeuka. Mzee mmoja mwenye koti la mikono mifupi alisimama na kuuliza: kama pampu inakwenda kwa wenye kila kitu, wasio na kitu mnawapelekea nini, pongezi? Ukumbi ukachemka. Wakabishana mpaka sambusa zikapoa, wakapiga kura, na kanuni ikapinduliwa miguu juu kichwa chini: pampu itakwenda kwenye kijiji chenye upungufu mkubwa kuliko vyote. Najua hivyo kwa sababu imeandikwa kwenye kumbukumbu za kikao, na kumbukumbu ziliandikwa kwa mkono wangu. Mkono uliandika. Kichwa kilikuwa kwenye riwaya niliyokuwa naitunga, sura ya saba, ambako mvua ilikuwa ikimnyeshea mwanamke mmoja kituoni na mimi sikujua nimpeleke wapi.

Majuma machache baadaye tukatoka Arua kwenda kukagua. Tulikuwa watatu ndani ya gari la ofisi. Mkaguzi mkuu alikuwa mama tuliyemwita Madamu, mtu wa Arua aliyesomea ualimu Tanzania, na Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi. Alivaa mabuti ya mpira na kubeba tochi ya kumulikia ndani ya vyoo, na aliamini kisanduku. Kitu kipo au hakipo, na kuandika pembeni alikukataza. Dereva alikuwa mzaliwa wa Onduparaka, na kama watu wengi wa huko aliuona ulimwengu mzima kama mpira wa miguu ambao umechezeshwa vibaya. Mpaka Koboko alikuwa bado anamlaumu mwamuzi wa Jumapili.

Koboko tulikunywa chai na chapati. Tulipoingia kwenye barabara ya vumbi ya kwenda Dranya, Madamu alifungua faili na kutukumbusha.

"Kumbukeni, hatutafuti kijiji kizuri. Tunatafuta kijiji chenye upungufu. Wakikosa vitu, ndiyo pampu wanaipata."

"Tangu lini?" niliuliza.

Alinitazama juu ya miwani. "Tangu ulipoiandika wewe."

Nilitoa simu. Mtandao ulikuwa umebaki Koboko.

Tulipofika, kijiji kilikuwa kimefagiliwa mpaka ardhi ikawa na mistari. Watu walisimama kwa safu, wamevaa nguo za Jumapili siku ya Jumanne. Shangazi yangu alikuwa mbele yao, na mara moja nikaelewa kwamba ameamua kutonijua. Tulikuwa hatujapanga hivyo. Ilikuwa sera yake mwenyewe.

"Karibu, mugeni," aliniambia, akinipa mkono kwa adabu ya kutisha. "Wewe natoka wapi?"

Huyu ndiye mwanamke aliyenibeba mgongoni na kunipangusa pua kwa khanga yake. "Natoka Arua," nilijibu.

"Arua iko mbali sana," alisema kwa huruma. "Pole."

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya jirani yake, mama wa makamo aliyevuka kutoka Sudan Kusini na kufanya makao hapo, fundi wa mianzi asiye na mpinzani. Vitu vyote vitano vilikuwepo. Madamu alikanyaga kamba ya kibuyu chirizi, maji yakamtiririkia viganjani, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Akamulika choo. Akapiga magoti mbele ya jiko banifu. Na hapo kando ndipo kiliposimama kichanja chenye mguu wa samaki. Nikatia ndiyo, ndiyo, ndiyo, ndiyo, ndiyo, na kila ndiyo ilikuwa kama kuitupa pampu shimoni. Nilijaribu kumkonyeza shangazi. Alidhani nimeingiwa na vumbi, akaniletea maji ya kuosha jicho.

Nyumba ya pili ilikuwa ya mwenyekiti wa kijiji. Yeye alikuwa na daftari la wageni, na daftari la wageni haliwezi kupitwa. Madamu alitia saini, dereva akatia saini, nikatia saini, mwenyekiti akakagua saini, kisha tukaketishwa na kukaribishwa kwa hotuba. Kumbe hotuba ile ilikuwa na kazi. Nyuma ya nyumba palikuwa na shamba la muhogo, na muhogo wa Dranya mwezi ule ulikuwa mrefu kuliko mtu. Nilisikia majani yakichakarika, sahani zikigongana, na sauti ya mwanamke ikisema kwa kunong'ona, "Inua upande yako! Wewe nakokota kama maiti!" Mwenyekiti akapandisha sauti. Tulipoongozwa uani, kichanja kilikuwa kimetutangulia, kinatulia, sahani mbili bado zinatikisika.

Nyumba ya tatu ilikuwa ya shangazi, na hapo ndipo nilipovutwa shati.

"Karani," alisema dereva, mdomo karibu na sikio langu. "Hii muchezaji mimi nimeona yeye mara tatu sasa."

"Mchezaji gani?"

"Ile ya mianzi. Iko na bandeji ya samaki kwa muguu. Yeye nachezea timu ngapi leo?"

"Nyamaza."

"Mimi hapana sema mubaya. Mimi nasema yeye iko na pumzi."

Madamu alikuwa amekwenda kumulika choo. Nilimwomba shangazi anionyeshe shimo la taka, kwa sauti ya kikarani, naye akaniongoza kwa hatua za mtu anayemtembeza balozi. Tulipofika nyuma ya ghala nilimwambia yote kwa pumzi moja: kwamba kanuni imegeuzwa, kwamba pampu ni ya kijiji kisicho na vitu, kwamba nilikuwepo ilipogeuzwa na sikusikia.

Shangazi aliacha kuwa mwenyeji wa balozi. Alinitazama kama alivyonitazama siku nilipomwachia mbuzi akala nusu ya ufuta.

"Wewe mutoto," alisema. "Hii shimo tumechimba siku tatu."

"Najua, shangazi."

"Hapana jua. Sisi hapa hata taka hatuna ya kujaza shimo. Maganda nakula mbuzi, majani nakula moto. Tumebeba taka kutoka soko ya Koboko. Na boda. Gunia mbili." Alinyoosha kidole. Niliinama nikatazama. Ndani ya shimo zilikaa chupa za soda, maboksi ya sabuni, na kiatu kimoja cha kike chenye kisigino kirefu, kiatu ambacho hakuna mguu wa Dranya uliowahi kukivaa. "Mimi nimelipanga hii taka na mukono yangu, ipendeze."

"Samahani."

Alifikiri kwa muda wa kupepesa macho mara mbili. Kisha akageukia upande wa muhogo na kupaza sauti kama anayefukuza kuku, kwa Kikakwa, lugha ambayo Madamu hakuijua. Maneno hayakuwa ya kuku. Alisema: Wamegeuza! Wanataka maskini! Ondoeni kila kitu!

Muhogo ukatetemeka mpaka mwisho wa shamba.

Nyumba ya nne ilikuwa ya mama mmoja mnene wa kwaya, rafiki wa shangazi. Tulimkuta ameketi chini, katikati ya ua, juani, bila hata kigoda. Alikuwa amevaa gauni lililochanika, na chini ya gauni hilo, kwenye mikono na shingoni, lilichungulia gauni la hariri la rangi ya machungwa. Hapakuwa na chungu. Hapakuwa na kikombe. Mlango wa jikoni ulikuwa umeng'olewa, na bawaba zake bado zilikuwa zinabembea.

Madamu aligeuka akatazama kule tulikotoka, kisha akamtazama yule mama.

"Mama, sahani zenu ziko wapi?"

"Hapana iko."

"Mnakulia wapi?"

Mama wa kwaya alifikiri. "Kwa mikono."

"Ndiyo, lakini chakula mnakiweka wapi kabla ya kukila?"

"Kwa mikono ya mwingine."

Dereva alikwenda nyuma ya mti akaanza kukohoa. Madamu hakucheka. Alinyoosha tochi yake kuelekea nyuma ya nyumba, ambako kitu kirefu cha mraba kilikuwa kimefunikwa haraka haraka kwa matawi mabichi.

"Na kile ni nini?"

"Kichaka."

"Kina mlango."

Mama wa kwaya alitazama mlango ule kwa muda, kama mtu anayekutana nao kwa mara ya kwanza. "Kichaka ya hapa," alisema hatimaye, "iko na mulango."

Sijui Madamu angesema nini, kwa sababu wakati huo huo kichanja kilirudi. Yule mama fundi na wenzake watatu walikuwa wakikimbia kukificha, na ili kufika kwake walipaswa kuvuka njia. Walitoka kwenye muhogo kwa kasi yote, wakitazama nyuma kama kuna anayewafuata badala ya kutazama walikokuwa wakienda, wakatuona, wakapiga kelele, wakakiachia. Sahani zilimwagika. Sufuria moja ilibingirika mpaka kwenye buti la Madamu ikalala. Kichanja chenyewe kilitua wima, katikati ya njia, kwa miguu yake minne, na wanawake wale wanne wakasogea hatua moja nyuma, mikono mgongoni, kama watu waliokikuta hapo.

Kuku mmoja alipita chini ya kichanja akatokea upande wa pili.

"Kichanja hiki," alisema Madamu polepole, "ni cha nani?"

Mama fundi alitazama mbingu. Mwenyekiti alifungua daftari la wageni na kulisoma kwa makini. Ndipo shangazi yangu alipojitokeza, goti linalia, akasimama kando ya kichanja na kuweka mkono juu yake.

"Hii iko ya sisi yote."

"Ya nyumba ngapi?"

"Yote. Iko moja tu. Nakwenda kila mahali." Alipumua. "Madamu, usikasirike. Mutu akifa hapa, sufuria yangu nakwenda kule. Arusi ikiwa, viti ya mwenyekiti nakwenda kule. Mugeni akija kwa mutu mumoja, amekuja kwa sisi yote, na sisi nabeba kila kitu mbele ya yeye, asikute nyumba iko uchi. Hii si uongo. Hata wewe ukija na mwili tu, sisi nakupa nguo."

"Na huyu mama wa kichaka chenye mlango?"

"Ile ni uongo," shangazi alikiri. "Ile tumeanza sasa hivi."

Mama wa kwaya aliinamisha kichwa, na ile rangi ya machungwa ikang'aa shingoni mwake.

"Nani aliwaambia mwanzo muwe na vitu, halafu sasa hivi muwe bila vitu?"

Nilitazama mabuti ya Madamu. Shangazi alinitazama mimi. Ningemsamehe kama angenyamaza, lakini yeye hakuwahi kuwa mtu wa nusu.

"Huyu," alisema. "Huyu mwana ya kaka yangu. Mimi nimebeba yeye kwa mugongo. Madamu, yeye hapana mubaya. Yeye nasikia nusu. Tangu mudogo, nusu moja nasikia, nusu ingine iko mbali inatembea."

"Kadi nyekundu," dereva alinong'ona.

Madamu alivua miwani yake na kuifuta kwa muda mrefu kuliko vumbi lilivyohitaji. Nilijua kazi yangu imekwisha na, ajabu, haikuniuma. Kilichoniuma kilikuwa mkono wa shangazi juu ya ule mwanzi. Alikuwa amekishika kichanja kama mtu anavyoshika ukingo wa mashua inayoondoka bila yeye. Pampu ilikuwa inaondoka, na mimi ndiye niliyeisukuma.

"Maji," alisema Madamu. "Maji niliyonawa kwenye nyumba ya kwanza. Mliyatoa wapi?"

"Kule chini."

"Nionyesheni."

Tukateremka wote, kijiji kizima nyuma yetu na nguo zake za Jumapili. Njia ilishuka, ikazunguka jiwe, ikashuka tena. Huko chini kijito kilikuwa uzi wa maji uliolala juu ya mchanga, na ng'ombe wawili walikuwa wamesimama ndani yake wakifanya mambo ya ng'ombe. Madamu aliingia ili aone vizuri. Buti lake la kulia likazama na kubaki, mguu ukatoka bila buti. Wanawake wanne walilivuta, likatoka kwa sauti ambayo sitaieleza, na hapo ndipo mtu wa kwanza alipocheka, akafuata wa pili, na mwisho Madamu mwenyewe, amesimama kwa mguu mmoja, amemshika bega mama wa kwaya.

Alipomaliza kucheka aliuliza, "Ili tuje kunawa na kukuta sahani safi, leo mlichota madumu mangapi?"

"Yote," alisema shangazi. "Leo hapana mutu hapa ameoga."

Madamu alitazama safu ile ya nguo safi na watu wasiooga. Nikaona kitu kikipita usoni mwake. Alikuwa amekaa siku tatu ukumbini, kama mimi, akisikiliza kuhusu vitu vitano, na kibuyu chirizi kilikuwa kinahitaji maji, na kichanja kilihitaji sahani zilizooshwa kwa maji, na hata choo kilihitaji maji ya kusafishia, na hakuna mtu ukumbini aliyeyataja maji isipokuwa kama zawadi ya mwishoni.

"Karani," alisema. "Lete fomu."

Nilimpa. Akazifuta ndiyo zangu zote tatu za kichanja, moja moja, kwa mistari iliyonyooka.

"Sasa andika. Pembeni."

"Madamu, ulisema pembeni haturuhusiwi."

"Andika: kichanja kimoja, kinatembea. Maji hayapo. Vyoo vipo vinne, kimoja kimevaa matawi."

Niliandika hivyo hivyo, bila kuongeza sifa hata moja. Kisha tukaanza kupanda, na kule kupanda kulichukua muda mrefu, kwa sababu Madamu alikuwa ametia nia ya kubeba dumu moja mwenyewe ili ajue. Alilibeba mpaka kwenye jiwe. Kuanzia kwenye jiwe lilibebwa na shangazi.

Tukarudi kwa gari mpaka tukapita Koboko. Hapo Madamu alisema hataniita tena kwa kazi ya ukaguzi, na kwamba angependa kuisoma riwaya yangu siku itakapokamilika, mradi ndani yake awemo mtu anayesikiliza. Nilisema ahsante kwa yote mawili. Dereva alisema uamuzi ni wa haki na mechi imekwisha.

Ofisi ilichelewa kujibu. Kila juma shangazi alipanda mahali penye mtandao ili kuniuliza kama nimesikia lolote, na kila juma nilimwambia sijasikia, na kila mara aliuliza kama nimesikia kwa sikio zima. Kisha, baada ya mavuno ya ufuta, lori lenye mnara wa kuchimbia likaingia Dranya, likavunja matawi ya mihogo pande zote mbili za njia.

Nilikwenda kuliona. Ugomvi ulikuwa umeshaanza. Kila mtu alijua maji yako wapi, na kwa bahati nzuri kwa kila mmoja yalikuwa chini ya ua wake. Mama wa kwaya alisema ameota. Mama fundi alisema Sudan waliwahi kuchimba kwa kufuata mchwa, na mchwa wako kwake. Mtaalamu aliyekuja na lori alizunguka na waya zake, akasimama katikati ya shamba la karanga la mwenyekiti, akasema hapa. Mwenyekiti aliomba kipimo kirudiwe. Kikarudiwa. Hapa. Mwenyekiti alizing'oa karanga zake mbichi kwa heshima, moja moja, kama anayeaga, na watu wakazila wakisubiri.

Mashine ilinguruma mchana kutwa. Ikatema vumbi jekundu, kisha vumbi la kijivu, kisha tope, na tope likawa jepesi, na jepesi likawa maji, yakaruka juu na kutunyeshea wote, na watu wa Dranya wakapata kuoga bila kuchota.

Siku chache baadaye, saruji ilipokauka, kijiji kilichagua kamati ya maji. Shangazi alipita bila kupingwa. Sijui kama walijua walichokifanya. Miaka yote alikuwa mwombaji. Sasa alikuwa serikali. Akatunga sheria siku hiyo hiyo, amesimama kwenye saruji. Viatu vinavuliwa. Dumu lisilo na kifuniko halijazwi. Dumu lenye ukoko ndani linarudi kwao kusuguliwa na mchanga. Hakuna kuosha miguu. Hakuna kusengenya wakati wa kusukuma, kwa sababu mkono wa msengenyaji unapunguza kasi. Mtu wa kwanza kurudishwa alikuwa mwenyekiti, mwenye ukoko, na wa pili nilikuwa mimi, kwa viatu.

"Shangazi, nimetoka Arua leo."

"Vua."

Nikavua. Saruji ilikuwa bado na joto la jua. Walimwachia yeye asukume kwanza, na alisukuma taratibu, mikono miwili, akiusikiliza mpini, mpaka kikombe cha bati kilichokuwa chini kikafurika. Alikiinua. Kijiji kizima kilitazama koo lake. Alikunywa chote, akapangusa midomo, akafikiri kama hakimu.

"Hii maji hapana na ladha," alisema. "Ile ya kule chini ilikuwa na ladha."

"Shangazi, ladha ile ilikuwa ya ng'ombe."

"Mimi nasema tu," alijibu, na kukirudisha kikombe chini ya bomba, mkono mwingine tayari umeshika mpini.